Swila wa Pedali Mbili

Ami yangu mmoja anakaa London tangu mwaka 1969. Ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, fundi wa magari kwa kazi na kwa tabia, na tangu astaafu hana jambo jingine la kuzungumza kwenye simu isipokuwa gari lake. Gari lenyewe si la kwendea sokoni. Ni gari la mbio, la wazi, la watu wawili, mfano wa lile liitwalo AC Cobra, na amelijenga kwa mikono yake katika banda la nyuma ya nyumba kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, sauti imemkauka. "Mwanangu," akaniambia, "wamesema nimeliua gari."

Kisa chenyewe ni hiki. Goti lake la kushoto limekwisha. Madaktari wamelipasua, wametia chuma, lakini nguvu ya kukanyaga klachi haikurudi, na klachi ya gari la namna ile ni nzito kama mlango wa ngome. Basi akaamua kung'oa giaboksi ya mkono na kutia ya otomatiki. Alipokwisha akalipeleka gari kwenye mkusanyiko wa wenye magari kama hayo. Mzee mmoja akainama, akachungulia chini ya usukani, akaziona pedali mbili mahali pa tatu, akainuka akasema kwamba hiyo si Cobra tena, na kwamba ingekuwa heshima zaidi kumuuzia mtu mwenye miguu.

Ami hakumjibu. Alirudi nyumbani, akafunika gari kwa turubai, na siku ya tatu akanipigia mimi ninayejidai kusoma historia, akaniuliza: je, mzee yule kasema kweli? Nikamwahidi kwamba nitapekua, na jawabu nitalitoa hapa redioni, ili alisikie mbele ya watu kama alivyotukanwa mbele ya watu. Kwa hiyo wasikilizaji mtaniwia radhi leo nikiacha siasa na bei ya sukari.

Tuanze na gari lenyewe, maana wengi wetu tumeliona kwenye picha tu: pua pana iliyoachama kama samaki, mabega ya nyuma yaliyofura, na eksozi mbili nene zinazopita ubavuni chini ya milango. Watu hulitaja kama kwamba lilishuka kutoka mbinguni likiwa kamili. Lilivyopatikana ni vingine kabisa. Mwaka 1953 kampuni ndogo ya Kiingereza, AC, iliyokuwa na karakana yake Thames Ditton nje ya London, ilitoa gari jepesi lililoitwa Ace. Umbo lake lilitokana na gari la mbio la fundi mmoja, John Tojeiro, na bodi ya gari lile la Tojeiro ilifuata waziwazi ile ya Ferrari 166 ya Italia. Yaani kabla hata Cobra haijazaliwa, bibi yake alikuwa tayari amevaa nguo ya kuazima.

Ace ilitumia injini ya AC wenyewe, kisha ikapata nzuri zaidi kutoka kampuni ya Bristol. Mwaka 1961 Bristol wakaacha kutengeneza injini ile, na AC wakabaki na gari zuri lisilo na moyo wa maana. Hapo ndipo ilipofika barua ya Mmarekani, Carroll Shelby, mtu wa Texas. Shelby alipata kufuga kuku, wakamfia, akaingia katika mbio za magari. Mwaka 1959, yeye na Mwingereza Roy Salvadori, walishinda mbio za saa 24 za Le Mans wakiendesha Aston Martin. Mwaka uliofuata maradhi ya moyo yakamtoa katika mashindano. Kumbukeni hilo: mtu aliyeanzisha Cobra alifanya hivyo kwa sababu mwili wake ulikuwa umemkatalia kuendesha kama zamani.

Shelby aliwaomba AC wamtumie gari bila injini. Kwa upande wa pili aliwaomba Ford injini yao mpya ya silinda nane, ndogo na nyepesi. Mwanzoni mwa 1962 gari tupu lilifika Los Angeles, likapelekwa kwenye karakana ya rafiki yake, na injini na giaboksi za Kimarekani zikafungwa ndani yake kwa muda usiofika saa nane. Gari hilo la kwanza likawa likipakwa rangi mpya kila lilipokwenda kwa mwandishi mwingine wa magazeti, ili ionekane kwamba yako mengi. Mwaka 2016 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 13.75. Kwa jumla yalitengenezwa karibu 1,000, na injini ikakua kutoka lita 4.2 hadi 4.7 na mwisho lita 7.

Hebu msikilizaji nieleze: gari la Kiingereza lenye umbo lililotoka Italia, likang'olewa vyake likatiwa vya Marekani kwa kazi ya siku moja, ndilo gari ambalo mtu anasimama uwanjani kulilindia usafi? Mimi sioni. Na hayo ya kuigiza Cobra si ya wezi wa vichochoroni. Ni viwanda. Tangu miaka ya tisini, magari ya namna hii yanatengenezwa hapa hapa Afrika, katika mji wa bandari wa Afrika Kusini uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth na tangu 2021 unaitwa Gqeberha, yakauzwa Marekani kwa matajiri. Lile la ami yangu ni la daraja ya chini ya hayo. Bodi ni ya faiba, chesisi ni ya mabomba ya mraba, injini ni Ford ya miaka ya sabini ya lita 5 iliyotoka katika gari lililokwisha kuvunjwa.

Sasa tuje kwenye otomatiki, ambayo ndiyo kesi yenyewe.

Watu wa rika langu waliokulia Mombasa na Dar es Salaam tunaijua dharau hii. Miaka ya tisini magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika bandarini, mengi yakiwa ya otomatiki, mafundi waliyakwepa na madereva wakayacheka. Gari la mvivu, walisema. Gari la mtu asiyejua gari. Dereva wa kweli alipimwa kwa jinsi anavyoshusha gia kwenye mteremko wa Mazeras bila kukwaruza. Leo watoto wa watu wale wale hawajapata kugusa klachi, na hakuna anayewacheka. Lakini kicheko kile kilikuwa na mzizi mrefu kuliko tulivyofikiri, na kilianza kwa kutojua kitu chenyewe kilitoka wapi.

Kilitoka baharini. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya meli ya Vulcan mjini Stettin, alisajili njia ya kuunganisha mashine ya mvuke na rafadha ya meli kwa kutumia maji peke yake, bila meno ya chuma kugusana. Chukua feni mbili za mezani, uziweke zitazamane, uiwashe moja. Ile ya pili, ambayo haina umeme, itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Sasa mahali pa upepo weka mafuta mazito, uzifungie feni zote mbili ndani ya chungu kimoja cha chuma. Hicho ndicho kinachokaa mahali pa klachi. Injini ikizunguka polepole mafuta hayana nguvu na gari linasimama kwenye taa bila kuzimika. Ukikanyaga mafuta, feni ya kwanza inaisukuma ya pili, gari linakwenda.

Waingereza walikitia kitu hicho katika mabasi. Hapa ami yangu anakijua kuliko vitabu vyangu, kwa sababu alipofika London kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa katika gereji ya mabasi, akizifungua na kuzifunga giaboksi za yale mabasi mekundu ya ghorofa, Routemaster, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 1956 na kuondoka katika kazi ya kila siku mwishoni mwa 2005. Basi lile halikuwa na pedali ya klachi. Dereva wake alikuwa na pedali mbili, kama alizo nazo ami leo. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyepata kumwambia dereva wa basi la London kwamba si dereva. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanze kunipigia.

Kwa magari madogo, Wamarekani ndio waliotangulia kuuza kwa wingi. Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors ilitangazwa mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya 1940. Ilikuwa na gia nne zilizojibadilisha zenyewe, na aliyeongoza kazi yake ni Earl Thompson, mhandisi yule yule aliyekwisha kuwarahisishia madereva gia za mkono ili zisikwaruze. Wakati wa vita vya pili vya dunia giaboksi hiyo ikatiwa katika vifaru. Kifaru chepesi kilichoitwa M5 kilikuwa na injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake. Sijasikia askari aliyelalamika kwamba kifaru chake ni cha wavivu.

Baada ya vita ikaja Corvette. Wamarekani wanaiita gari la michezo la taifa lao, na nyingi sana zimesifiwa kwa gia za mkono. Lakini Corvette za kwanza, zile 300 za mwaka 1953, zote nyeupe, zilikuwa na otomatiki ya gia mbili tu. Hukuweza kununua nyingine. Wapenda mbio walilalamika, na gia za mkono zikaingia mwaka 1955. Hapa nakiri kwamba walalamikaji walikuwa na haki. Gia mbili kwa gari la michezo ni kama kumpa mkimbiaji viatu vya harusi.

Aliyewafumba watu mdomo ni Jim Hall, naye pia mtu wa Texas. Magari yake ya mbio yaliitwa Chaparral, na tangu mwaka 1964 yalitumia chungu cha mafuta mahali pa klachi. Dereva aliusukuma mkono wa gia mwenyewe, lakini mguu wa kushoto ulikuwa huru kwa breki. Kwa muda mrefu wapinzani hawakujua kilichomo ndani. Mwaka 1965 gari lake likashinda mbio za saa 12 za Sebring, Florida, katika mvua kubwa iliyofurika uwanjani. Mwaka 1966 Phil Hill na Jo Bonnier wakashinda kilomita 1,000 za Nürburgring, Ujerumani, njia yenye kona zisizohesabika. Baadaye Hall akaupa ule mguu uliobaki kazi mpya. Akatia pedali ya kuinamisha bawa lililosimama juu ya gari, likate upepo kwenye njia iliyonyooka na likandamize magurudumu kwenye kona.

Na sisi huku tulikuwa mashahidi, ingawa wengi tumesahau. Pasaka ya 1979 nilikuwa kijana, nimesimama kando ya njia kuangalia Safari Rally. Tulikuwa tumekuja kwa ajili ya Shekhar Mehta, mwenzetu, na Datsun yake, na kweli alishinda. Lakini aliyekuwa wa pili ni Hannu Mikkola wa Finland katika Mercedes 450 SLC, gari refu la kifahari ambalo ungedhani limepotea njia ya kwenda hotelini. Lilipita mbele yetu likiunguruma mfululizo, bila ile sauti ya kukata na kuunganisha tuliyoizoea. Tulidhani limeharibika. Lilikuwa otomatiki. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule magari hayo ya Mercedes yalikwenda Ivory Coast katika Rally ya Bandama, zaidi ya kilomita 5,000 za vumbi na joto, yakachukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mikkola ndiye aliyeongoza.

Lakini najua yule mzee wa uwanjani atasema: hayo ni ya Chevrolet na Mercedes, mimi nasema Cobra. Basi na twende kwenye Cobra.

Cobra chache za injini ndogo zilitoka kwa Shelby mwenyewe zikiwa na otomatiki ya Ford iliyoitwa C4, giaboksi ya gia tatu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Hazikuwa nyingi, na wanunuzi wengi hawakuzitaka, lakini zilikuwako, na zipo hadi leo. Kisha ni ile Cobra ambayo Shelby alijitengenezea mwenyewe mwaka 1967, ya injini ya lita 7, akaitia pampu mbili za kusukuma hewa ndani ya injini hadi nguvu zake zikakaribia farasi 800. Waliiita Super Snake. Ni katika Cobra kali kuliko zote zilizopata kwenda barabarani, na baba yake aliiendesha yeye mwenyewe. Giaboksi yake? Otomatiki, gia tatu. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 5.5, na mnunuzi hakuomba itiwe pedali ya tatu.

Nilipomsomea ami habari hiyo alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Walitumia chungu cha ukubwa gani?" Nikajua ameanza kupona.

Sitaki mdhani kwamba naidharau hasara. Kuna raha katika mkono unaosikia gia ikiingia, na mguu unaoachia klachi kwa kiasi chake, na raha hiyo ami ameipoteza na haitarudi. Mwenyewe alilia, mkewe kaniambia, siku alipoikata pedali kwa msumeno. Kwa hiyo mtu akisema kwamba Cobra ya gia za mkono inapendeza zaidi kuendesha, nitamwunga mkono. Akisema kwamba nyingine si Cobra, nitamwonyesha ya Shelby.

Na kazi yenyewe si ya mvivu, hilo naomba lieleweke. Giaboksi aliyoipata ami ni C4 ile ile, kwa sababu ni fupi na nyembamba na inaingia katika njia ya katikati ya Cobra bila kukata bodi. Lakini nyuma ya injini, mahali pa flaiwili, hufungwa sahani nyembamba ya chuma, na hapo aliponea chupuchupu. Injini za Ford za aina hii zilibadilishwa uzani wa krenki mwanzoni mwa miaka ya themanini: za zamani zinataka sahani yenye kipande cha aunsi 28, za baadaye 50. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Muuzaji wa spea akamwapia kwamba ni ya zamani. Ami alipowasha, gari lilitetemeka mpaka kikombe cha chai kikaanguka mezani. Angeendelea kwa ukaidi, krenki ingekula beringi zake zote. Alifungua tena kila kitu, akiwa amelala chali kwenye sakafu ya saruji, na goti lile.

Kisha ni kile chungu cha mafuta. Lazima kiingie kwenye pampu ya giaboksi mpaka mwisho kabla ya kuiunganisha na injini. Unakizungusha kwa mikono huku ukikisukuma, unakisikia kinadumbukia, unadhani kimefika, na kumbe bado kuna kudumbukia kwingine. Fundi mwenye haraka hukaza bolti ili zivute, na zikivuta zinaipasua pampu. Ami anasema katika gereji ya mabasi aliona pampu nyingi zilizopasuliwa na haraka.

Baada ya hapo rejeta ndogo ya kupozea mafuta ya gia, mbele ya ile ya maji. Propela ikapimwa upya na kukatwa. Maunti ya giaboksi ikasogezwa. Pedali ya breki ikapanuliwa. Swichi ikatiwa ili gari lisiwake likiwa kwenye gia. Hayo yalikwenda upesi.

Lililomtesa zaidi ni kikopo kimoja cha bati kisichozidi ngumi ya mtoto. C4 hupata habari za injini kwa njia ya uvutaji wa hewa: kikopo hicho kina kiwambo ndani, na bomba lake linakwenda kwenye injini. Uvutaji ukiwa na nguvu, giaboksi inajua dereva anakwenda taratibu, inabadilisha mapema na kwa upole. Uvutaji ukidhoofika, inajua amekanyaga, inachelewesha. Sasa injini ya ami ilikuwa na kemshafti ya mbio, ile inayofanya gari linguruma kwa kujikwaa likiwa limesimama, sauti ambayo wenye Cobra wanaipenda kuliko mashairi. Kemshafti hiyo inaua uvutaji. Giaboksi ikadhani siku zote dereva amekanyaga mpaka sakafuni, ikawa inabadilisha kwa kishindo kama teke la punda. Ami alirekebisha kikopo, akarekebisha tena. Mwisho akafanya lililomuuma: akaitoa kemshafti ya mbio, akatia ya wastani. Sauti ikapungua kidogo. Gari likawa linakwenda kama siagi kwenye kikaango.

Juma lililopita turubai limeondolewa. Habari hii sikupewa na ami bali na mkewe, ambaye leseni yake ya Uingereza ni ya otomatiki peke yake, na kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja ile alikuwa akipeleka chai bandani kwa gari asiloruhusiwa kuliendesha. Jumapili asubuhi ami alimpa ufunguo. Walikwenda maili ishirini na kurudi, yeye mama amefunga mtandio vizuri kwa sababu ya upepo, na mzee amekaa kiti cha abiria. Anasema ami hakusema neno njia nzima. Ila kila walipokaribia taa nyekundu, mguu wake wa kushoto, ule mbovu, ulikuwa ukikanyaga sakafu.